Uwiano wa Meno ya Difu: Namna ya Kuchagua kwa Pikapu ya Chama

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ni ya shambani, wala haifai kuhamishiwa kwenye gereji. Chama cha ushirika kinachomiliki pikapu ya zamani, ya kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, hakina budi kuwa mchaguzi, hasa katika kipuri kimoja kisichoonekana kwa macho na ambacho gharama yake ni kubwa: meno ya difu ndani ya ekseli. Makala haya yanaeleza kazi ya meno hayo, jinsi ya kujua uwiano wake pasipo kuifungua difu, na mambo ambayo Bodi ya chama yapasa kuyapima kabla ya kuidhinisha fedha za wanachama.

KAZI YA DIFU

Nguvu ya injini hupita kwenye klachi, giaboksi na transfa, kisha hufuata propela mpaka kwenye difu. Humo mna gia mbili kuu: pinioni, iliyo ndogo, na krauni, iliyo kubwa. Pinioni huzungushwa na propela, na krauni huzungusha ekseli na magurudumu. Idadi ya meno ya krauni ikigawanywa kwa idadi ya meno ya pinioni, jibu lake ndilo uwiano wa difu. Kwa mfano, krauni ya meno 37 na pinioni ya meno 9 hutoa uwiano wa 4.11. Maana yake ni kwamba propela huzunguka mara nne na zaidi kidogo ili gurudumu lizunguke mara moja.

Magari hayafanani. Land Rover Series III, iliyotengenezwa tangu mwaka 1971 hadi 1985, ilitoka kiwandani na uwiano wa 4.7. Range Rover ilitumia 3.54, na Land Rover 110 iliyotokea mwaka 1983, ambayo baadaye iliitwa Defender, ilitumia huo huo. Toyota Land Cruiser za aina ya 40, na za aina ya 70 zilizoanza mwaka 1984, nyingi zina 4.11, na baadhi yake zina 3.70.

Hapa yafaa msomaji awe mwangalifu, kwa kuwa namba hizi huwachanganya wengi. Namba kubwa si mwendo mkubwa. Namba kubwa ni mvuto mkubwa na mwendo mdogo; namba ndogo ni mwendo mkubwa na mvuto mdogo. Hakuna difu inayotoa vyote viwili kwa pamoja. Anayeongeza kimoja hupunguza cha pili.

HESABU YA MWENDO

Tuchukue gari lenye tairi za 7.50R16, ambazo kwa mzunguko mmoja huenda karibu mita 2.45. Gari hilo likienda kilomita 80 kwa saa katika gia inayounganisha injini na propela moja kwa moja, injini itazunguka hivi kwa kila dakika: kwa difu ya 3.54, kama mara 1,930, kwa 3.70, mara 2,010, kwa 4.11, mara 2,240, kwa 4.7, mara 2,560. Na kwa 4.88, mara 2,660.

Kila injini ina kiwango cha mizunguko ambacho huvuta vizuri kuliko vingine. Kwa injini ya dizeli ya 1HZ iliyomo katika Land Cruiser nyingi za aina ya 70, kiwango hicho ni kama mizunguko 2,200. Hivyo si ajabu kwamba difu ya 4.11 huliendesha gari hilo kwa utulivu: katika mwendo wa kawaida wa barabarani injini imo mahali inapopapenda. Dereva wa gari la namna hiyo akiwekewa difu ya namba ndogo hufurahi siku ya kwanza barabarani, kwa kuwa kelele imepungua. Furaha hiyo hukoma anapofika kwenye mpando akiwa na mzigo.

MILIMA YA KARATU NA NGORONGORO

Gari litokalo Mto wa Mbu huanza safari likiwa katika kimo cha chini kidogo ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Likipanda ukuta wa Bonde la Ufa na kufika Karatu mjini, limekwisha fika kama mita 1,500. Likipita lango la Loduare na kupanda msituni hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, limevuka mita 2,200.

Jambo hili si la kutazama mandhari tu. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na taabo hupoteza takriban sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kimo. Kule ukingoni, basi, imepoteza zaidi ya sehemu moja katika tano. Kama chama kimeondoa difu ya 4.11 na kuweka ya 3.70, mvuto umepungua tena kwa sehemu moja katika kumi. Hasara mbili hizi zikiunganishwa, gari hubaki na kama sehemu saba katika kumi za mvuto ambao gari la 4.11 lingekuwa nao pale Dar es Salaam. Ndipo klachi huanza kunuka, injini huchemka, na moshi mweusi hutoka nyuma.

Aidha, kila kilichopanda sharti kishuke. Dereva anayeteremka katika gia ndogo hutegemea injini ilizuie gari. Difu ya namba ndogo hupunguza kizuizi hicho kwa kiasi kile kile ilichopunguza mvuto, na kazi iliyobaki huangukia breki. Breki za ngoma zikishikiliwa muda mrefu hupata moto na kulegea. Chama kinachopakia magunia, na mara nyingine wanachama juu ya magunia, hakipaswi kulichukulia jambo hili kuwa la mafundi peke yao.

MATAIRI NAYO NI DIFU

Vyama vingine havijagusa difu, na bado magari yao yamepoteza mvuto. Sababu huwa tairi. Tairi kubwa huenda mbali zaidi kwa mzunguko mmoja, na kwa hiyo hufanya kazi sawa na difu ya namba ndogo. Tairi ya 7.50R16 ina upana wa kama sentimita 80 kutoka chini hadi juu, ya 9.00-16 ina kama sentimita 89. Gari la 4.11 likivishwa tairi hizo kubwa, huvuta kana kwamba lina difu ya 3.70.

Kanuni ya kurudisha mvuto ni rahisi: uwiano wa zamani uzidishwe kwa kimo cha tairi mpya, kisha ugawanywe kwa kimo cha tairi ya zamani. Katika mfano huu, 4.11 mara 89, gawanya kwa 80, ni 4.57. Chama kingelazimika kutafuta difu iliyo karibu na namba hiyo, mbele na nyuma. Lakini njia nyingine ni kurudisha tairi za kipimo cha kiwandani pale zile kubwa zitakapokwisha, na mara nyingi njia hiyo ndiyo yenye gharama ndogo.

MBELE NA NYUMA ZILINGANE

Hili ni la kwanza kwa uzito. Gari la magurudumu manne lina difu mbili, na uwiano wake lazima uwe mmoja. Kosa linalojulikana gerejini ni hili: difu ya nyuma imevunjika, chama kinanunua ekseli iliyotumika kutoka gari lingine linalofanana nalo kwa umbo, na inaingia vizuri. Gari linatembea majuma kadhaa kwa magurudumu ya nyuma bila dalili yoyote. Masika yakianza, dereva anaunganisha magurudumu ya mbele, na hapo difu mbili zinaanza kugombana.

Kama nyuma ni 4.11 na mbele ni 4.88, kila magurudumu ya nyuma yazungukapo mara 100, ya mbele hutaka kuzunguka mara 84 tu. Katika tope tairi huteleza na ugomvi hufichika. Penye mawe, changarawe kavu au lami hakuna pa kutelezea, na nguvu hiyo huishia kwenye meno ya transfa, viungo vya propela, au difu zenyewe. Kwa Land Rover 110 na Defender, ambazo magurudumu yote manne huendeshwa wakati wote, uharibifu haungoji masika. Difu ya katikati huanza kulika tangu siku ya kwanza.

KUJUA UWIANO BILA KUFUNGUA

Kabla ya kununua ekseli iliyotumika, na kabla ya kuamini maneno ya muuzaji, uwiano wake upimwe. Kwa gari zima, kazi huchukua chini ya saa moja. Gari lisimamishwe mahali tambarare na magurudumu yatakayobaki chini yawekewe mawe au vipande vya mti mbele na nyuma. Giaboksi na transfa ziwe huru, breki ya mkono ifunguliwe, na gurudumu moja tu la nyuma liinuliwe kwa jeki na kuegemezwa juu ya gogo imara. Alama ya chaki itiwe kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Mtu mmoja azungushe gurudumu mara 20 kamili, na mwenzake ahesabu mizunguko ya propela.

Kwa kuwa gurudumu la pili limeshikwa chini, mizunguko 20 ya gurudumu moja ni sawa na mizunguko 10 ya krauni. Propela ikizunguka mara 41, difu ni ya 4.11; ikizunguka mara 47, ni 4.7, mara 37, ni 3.70, mara 35 na kidogo, ni 3.54. Kisha kazi hiyo irudiwe kwa mbele, habu zikiwa zimefungwa kwa magari yenye habu za kufunga na kufungua. Kipimo hiki hakifai kwa difu yenye kujibana. Hiyo yabidi ifunguliwe na meno yahesabiwe.

MITA NA DAFTARI LA SAFARI

Makatibu wanaombwa wasiiruke sehemu hii. Katika magari haya mita ya mwendo huendeshwa na transfa, yaani kabla ya difu. Difu ikibadilishwa, mita haijui.

Land Rover Series III iliyotolewa 4.7 na kuwekewa 3.54, mita ikionyesha kilomita 50 kwa saa, gari linakwenda kama 66. Dereva atapita kijijini akidhani anatii sheria. Upande wa pili, Land Cruiser iliyotolewa 4.11 na kuwekewa 4.88 huandika kilomita 119 kila iendapo 100. Mwanachama aliyekodi gari kwa kilomita atalipishwa kilomita 19 ambazo gari halikwenda. Kadhalika, katibu akigawanya lita za mafuta kwa kilomita za daftari, ataona matumizi yamepungua ilhali hayakupungua, na akaunti za gari zitamdanganya hadi siku ya ukaguzi. Kwa hiyo ama mita irekebishwe, ama kila hesabu ipitishwe kwenye sawazisho lililoandikwa wazi katika ukurasa wa kwanza wa daftari.

UAMUZI WA BODI

Uchaguzi wa difu uanze na safari, si na duka. Chama kitazame daftari la mwaka mzima na kujiuliza gari limekwenda wapi zaidi, likiwa na mzigo gani.

(a) Chama ambacho gari lake hushinda kwenye lami kati ya Karatu, Makuyuni na Arusha, likiwa na mzigo wa wastani, hakina sababu ya kuacha uwiano wa kiwandani. Hata 3.70 yaweza kufaa, mradi dereva ashuke gia mapema kwenye ukuta wa Mto wa Mbu.

(b) Chama kinachotoa vitunguu Mang'ola, au maharage na ngano Mbulumbulu, katika udongo mwekundu unaoteleza, kishikilie 4.11 kwa Land Cruiser na 4.7 kwa Series III, pamoja na tairi za kipimo cha kiwandani.

(c) Chama kinachopandisha mahindi kwenda Nainokanoka au Endulen, ndani ya Hifadhi ambamo kilimo hakiruhusiwi, ndicho chenye haki ya kufikiria namba kubwa zaidi, hasa kama tairi zake ni kubwa. Lakini kwanza kihakikishe kwamba dereva anaitumia gia ndogo ya transfa. Gia hiyo huongeza mvuto takriban mara mbili, nayo imekwisha lipiwa.

Ikionekana mabadiliko ni ya lazima, Bodi itake gharama kamili kwa maandishi: krauni na pinioni za mbele na za nyuma, beringi, sili, oili, na kazi ya fundi mwenye vifaa vya kupima nafasi kati ya meno, kwani meno yaliyofungwa vibaya hulia na kulika mapema. Gharama hiyo ilinganishwe na ya tairi nne za kipimo sahihi. Uamuzi uandikwe katika muhtasari, pamoja na uwiano uliohesabiwa mbele na nyuma, kipimo cha tairi, na jina la aliyehesabu. Katibu atakayefuata, na fundi atakayefuata, wote watahitaji namba hizo.