Upimaji na Uchaguzi wa Mkanda wa Saa Janja

Mji wa Sumbawanga uko katika uwanda wa juu wa Ufipa, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari. Upande wa mashariki uwanda huo hukatika katika ukingo wa Lyamba lya Mfipa na kushuka hadi bonde la Ziwa Rukwa, lililo kwenye mita zipatazo 800. Upande wa magharibi nchi huteremka vivyo hivyo hadi Ziwa Tanganyika. Wanafunzi wa jiografia wanafahamu kwamba joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Sentigredi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo mtu aondokaye Sumbawanga alfajiri ya mwezi Julai kwenda Muze huondoka amevaa sweta, na mchana humkuta bondeni akitokwa na jasho. Mabadiliko hayo hukipata kila alichovaa, pamoja na saa iliyo mkononi mwake.

Siku hizi saa hiyo yaweza kuwa saa janja, yaani saa yenye kompyuta ndogo ndani yake, ambayo huunganishwa na simu, huhesabu hatua na kupima mapigo ya moyo. Mara nyingi mkanda wa saa huchakaa kabla ya saa yenyewe. Ukikatika, wengi hununua mkanda wowote ulio wa rangi ya kupendeza, au huuagiza kutoka Mbeya au Dar es Salaam bila ya kupima kitu. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Sumbawanga. Mkanda ukizidi au kupungua milimita 2, mnunuzi hulipia usafirishaji wa kifurushi mara ya pili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kununua mkanda ni zoezi la upimaji na la elimu ya maada, na kwamba rula ya mwanafunzi yatosha kumwokolea mnunuzi fedha zake.

MAANA YA VIFAA KUBADILISHANA

Ufipa ni nchi yenye historia ndefu ya ufuaji wa chuma. Wahunzi wake walijenga matanuu marefu ya udongo yaitwayo malungu, ambayo yaliweza kufikia mita 3. Matanuu hayo yalivuta hewa yenyewe kwa njia ya mabomba ya udongo, bila ya mivuo. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuu dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivuo ilipotumika. Jembe lilipokuwa tayari, mpini ulichongwa kulifuata jembe lenyewe, na mchongaji alijaribu, akapunguza, akajaribu tena hadi vikakaa sawasawa.

Utaratibu huo hufaa pale ambapo jembe na mpini viko mahali pamoja. Haufai pale ambapo saa imetengenezwa nchi moja, mkanda nchi nyingine, na mnunuzi yuko Sumbawanga. Hapo hapana budi watengenezaji wakubaliane juu ya namba. Mwaka 1841 mhandisi Mwingereza, Joseph Whitworth, alipendekeza kipimo kimoja cha nyuzi za skrubu kwa karakana zote za nchi yake, kwa sababu kabla ya hapo kila karakana ilikuwa na vipimo vyake. Hapa Tanzania, shughuli ya kuweka viwango ilikabidhiwa shirika la taifa, ambalo ni Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 1975. Vifaa viwili vilivyotengenezwa na watu wasiojuana hubadilishana ikiwa tu vyote viwili vimefuata namba moja.

UPANA WA MKANDA

Saa nyingi zina vichomozo viwili juu na viwili chini, ambavyo watu wengine huviita masikio ya saa. Kati ya vichomozo hivyo hukaa pini nyembamba yenye springi ndani yake. Pini ikibonyezwa hufupika, ikiachwa hurefuka na ncha zake huingia katika vitundu vya vichomozo. Mkanda hushikwa na pini hiyo. Namba inayotakiwa, basi, ni nafasi iliyopo kati ya vichomozo viwili, ikipimwa upande wa ndani. Upana unaopatikana zaidi katika saa janja ni milimita 20 na milimita 22, na saa ndogo hutumia milimita 18.

Tuchukue saa yenye nafasi ya milimita 22 iliyovishwa mkanda wa milimita 20. Mkanda utaingia, lakini utabaki mwanya wa milimita 1 kila upande. Mkono unapotikisika mkanda utatelea huku na huku juu ya pini, na matundu yake yatapanuka. Kinyume chake, mkanda wa milimita 22 haufai katika nafasi ya milimita 20. Ukiwa wa mpira unaweza kusukumwa kwa nguvu, lakini hujikunja na kuizuia pini isikae vizuri katika vitundu vyake. Pini iliyokaa vibaya huweza kuchomoka wakati wowote, na mvuvi wa Kasanga aliyeinama ukingoni mwa mtumbwi hatapata nafasi ya kuidaka saa yake.

Kosa jingine ni kuchanganya upana wa mkanda na ukubwa wa saa. Namba inayoandikwa kwenye kasha mara nyingi ni ya saa. Kwa mfano, saa ya Samsung Galaxy Watch ya mwaka 2018 yenye ukubwa wa milimita 46 huchukua mkanda wa milimita 22, na ile ya milimita 42 huchukua mkanda wa milimita 20. Saa za Apple Watch hazitumii pini ya springi. Mkanda wake una kichwa kinachotelezeshwa ndani ya mfereji, na hununuliwa kwa kufuata ukubwa wa saa. Huko nako uangalifu unahitajika. Saa za milimita 42 za matoleo matatu ya kwanza huchukua mikanda ya kundi la saa kubwa, lakini saa ya milimita 42 ya toleo la 10, la mwaka 2024, huchukua mikanda ya kundi la saa ndogo. Mnunuzi wa saa za namna hiyo hana budi kujua pia toleo la saa yake.

MAADA YA MKANDA

Baada ya upana, swali la pili ni mkanda umetengenezwa kwa kitu gani, na utavaliwa wapi.

Ngozi ya mnyama ni nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizotiwa dawa ili zisioze. Hupendeza na haina ubaridi mkononi, hivyo huwafaa wakazi wa uwanda wa juu wakati wa kipupwe. Lakini hunyonya jasho, huvimba inapolowa na hukakamaa inapokauka. Katika joto la bonde la Rukwa mkanda huo huanza kunuka na kupasuka mapema.

Mpira wa silikoni una uti wa atomi za silikoni na oksijeni zinazofuatana kwa zamu, tofauti na mpira wa kawaida ambao uti wake ni wa kaboni. Haunyonyi maji, huvumilia joto na baridi, na husafishika kwa urahisi. Kasoro yake ni kwamba hunasa vumbi, nalo vumbi la Ufipa wakati wa kiangazi si haba, tena huzuia jasho lisitoke chini yake. Mkanda wa namna hii uwe na matundu.

Nailoni iliyofumwa ni nyepesi, hupitisha hewa na hukauka upesi. Mingi hufungwa kwa kunata badala ya matundu, kwa hiyo huweza kukazwa au kulegezwa kidogo kidogo. Hilo ni jambo la manufaa kwa mtu apandaye na kushuka milima, kwa sababu mkono huvimba kidogo wakati wa joto na kusinyaa wakati wa baridi.

Chuma cha pua kisichoshika kutu hudumu miaka mingi. Aina inayotumika sana katika saa huitwa 316L, nayo ina kromiamu asilimia 16 hadi 18, nikeli asilimia 10 hadi 14, na molibdenamu asilimia 2 hadi 3. Kwa kuwa metali hupitisha joto upesi, mkanda huo huwa baridi sana asubuhi. Aidha, maji ya Ziwa Rukwa yana magadi na chumvi, na mkanda wowote uliolowa humo unapaswa kusuuzwa kwa maji safi.

Iko pia aina ya mpira wa bei kubwa wenye florini. Mwezi Desemba 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, walitangaza matokeo ya kuchunguza mikanda 22 ya saa. Waligundua florini nyingi katika mikanda 15, na katika baadhi yake kemikali ya kundi la zile zisizooza katika mazingira. Walishauri kwamba anayetaka mkanda wa mpira achague silikoni, ambayo kwa kawaida ni ya bei nafuu zaidi. Hivyo bei kubwa peke yake haithibitishi ubora.

AFYA YA NGOZI

Mwaka 2014 kampuni ya Fitbit ya Marekani iliondoa sokoni bangili yake ya kupimia mwendo iitwayo Force, baada ya watumiaji kulalamikia muwasho na vipele. Kampuni ilieleza kuwa huenda mzio huo ulisababishwa na nikeli iliyokuwamo katika chuma, au na maada ya mkanda, au na gundi. Nikeli ni mojawapo ya visababishi vikubwa vya mzio wa ngozi duniani. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo kwa vitu vinavyogusa ngozi kwa muda mrefu: visitoe nikeli zaidi ya mikrogramu 0.5 kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki. Chuma kizuri cha 316L huishikilia nikeli yake kwa nguvu. Chuma duni kilichopakwa rangi ya fedha huiachilia, hasa kikilowa jasho. Ifahamike kwamba hata mkanda wa nailoni unaweza kuwa na bizimu ya chuma duni.

Hata hivyo si kila muwasho ni mzio. Mara nyingi ni jasho na mabaki ya sabuni yaliyofungiwa chini ya mkanda. Dawa yake ni kuuvua mkanda kila siku, kuuosha, na kuukausha pamoja na mkono. Upele ukiendelea baada ya kuacha kuuvaa, mtu amwone mganga hospitalini.

MWANGA WA KIJANI

Katika saa janja mkanda una kazi moja ambayo katika saa ya zamani haukuwa nayo. Chini ya saa kuna taa ndogo za kijani na kihisio cha mwanga. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Kila moyo unapopiga, damu iliyomo katika ngozi huongezeka kidogo na mwanga unaorudi hupungua. Saa huhesabu kupungua huko na kutoa idadi ya mapigo.

Mkanda ukilegea, mwanga wa jua huingia chini ya saa, na kila mtikisiko wa mkono huchanganywa na pigo la moyo. Ukikazwa mno, hubana mishipa ya damu. Baridi nayo ina athari, kwani mishipa ya ngozi husinyaa ili kuhifadhi joto la mwili, na dalili inayosomwa huwa dhaifu. Kwa sababu hiyo mwanafunzi anayekimbia mchakamchaka wa alfajiri Sumbawanga asishangae saa yake ikitoa namba za ajabu hadi mwili upate moto. Saa ivaliwe juu kidogo ya mfupa wa kiwiko cha mkono, ishike bila ya kuuma, ikazwe kidogo wakati wa mazoezi na kulegezwa baadaye. Namba zake zisichukuliwe kuwa ni uamuzi wa mganga.

DUKANI

Mnunuzi aende dukani na saa yenyewe, au na namba aliyoipima na kuiandika. Auvishe mkanda, kisha auvute kwa nguvu za wastani na kusikiliza kama pini zimekaa. Aulize kama pini zinauzwa pamoja na mkanda, na anunue jozi moja ya akiba, kwani ni vitu vya bei ndogo. Anayeagiza kutoka mbali ataje mambo matatu: nafasi ya vichomozo kwa milimita, jina na toleo la saa, na mzunguko wa mkono wake. Anayefanya kazi uwandani na bondeni hatakosea akiwa na mikanda miwili ya bei ya wastani badala ya mmoja wa bei kubwa. Rangi ichaguliwe mwisho.

ZOEZI LA DARASANI

Walimu wa fizikia wanaweza kulitumia somo hili bila ya gharama. Wanafunzi wapime nafasi ya vichomozo vya saa moja kwa rula, mara tatu, kila mmoja peke yake. Kisha wapime kwa kalipa ya vernia, ambayo husoma hadi sehemu ya kumi ya milimita, na walinganishe wastani. Halafu wazungushe uzi mkononi, waunyooshe juu ya rula, na kuandika mzunguko wa mkono asubuhi na mchana pamoja na joto la hewa la saa hiyo.

Katika maabara ya kemia, mwalimu anaweza kuipima bizimu ya zamani kwa pamba iliyotiwa dimethilglioksimu na amonia. Pamba ikigeuka rangi ya waridi, nikeli inatoka. Kazi hii ifanywe na mwalimu mwenyewe, dirisha likiwa wazi.

Ingefaa shule moja ya Sumbawanga na nyingine ya bondeni zifanye zoezi la uzi siku moja na kubadilishana majedwali. Wanafunzi wataona katika takwimu zao wenyewe ni kiasi gani mkono hubadilika kati ya mita 1,800 na mita 800, na watajua mkanda wao unahitaji nafasi kiasi gani.