UZI: Tukibinafsisha huduma za jela, magereza yatarekebika?

1/ Kila mdahalo ukigusa magereza, mtu husimama na kusema: "Serikali imeshindwa, wapeni wawekezaji." Makofi, kisha mada inayofuata. Leo tusikimbilie makofi.

2/ Kwanza tutenganishe. Kulipa kampuni ipike chakula au ikarabati majengo ni kitu kimoja. Kuikabidhi jela nzima pamoja na funguo ni kitu kingine kabisa. Kwenye midahalo hivi viwili huchanganywa.

3/ Kenya imefika wapi? Mwaka 2018 liliundwa shirika la biashara za magereza, lakini ni la umma. Jela bado ni za serikali.

4/ Afrika Kusini walienda mbali zaidi. Jela ya Mangaung ilifunguliwa 2001 chini ya kampuni binafsi. Haikusongamana, kwa sababu mkataba uliweka kikomo cha wafungwa. Waliozidi je? Walibaki kwa jela za serikali. Na 2013 serikali ilibidi iingie kuisimamia kwa muda. Mwaka 2022 mfungwa mmoja akatoroka kwa kujifanya amekufa motoni. Alikamatwa 2023, tena Arusha hapa jirani.

5/ Tuwe wakweli: mkataba una faida. Kampuni ikikosea inaweza kukatwa pesa. Serikali haijikati pesa yenyewe.

6/ Lakini mlango wa kuingilia jela hauko mikononi mwa kampuni. Chukua kijana wa hapa Mukumu, ameshtakiwa kosa dogo. Korti ya Kakamega inampa dhamana, nyumbani hakuna hata ng'ombe wa kuuza. Anarudi rumande. Mwekezaji atampaka rangi ukuta, hatampunguzia dhamana.

7/ Na dawa tunayo kwa sheria. Katiba, kifungu cha 49(2): kosa la faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita, mtu hafai kuwekwa rumande. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 inaruhusu kazi za jamii badala ya jela, kwa makosa ya hadi miaka mitatu.

8/ Kwa hivyo mtu akikuuzia ubinafsishaji, muulize: kampuni italipwa kwa nini, kitanda kikijaa au mtu asiporudi jela? Nani atakagua? Na yule kijana wa rumande, atatoka lini?

Asipojibu la mwisho, hajaongea kuhusu mageuzi. Ameongea kuhusu tenda.