Matabishi ya mpagazi yapitie mkono gani?

Hapa Lumumba, Bunia, matabishi hutolewa kimya kimya, na kwa dereva au mhudumu mmoja wa hoteli desturi hiyo haina ubaya. Ubaya huanza pale kazi inapofanywa na kundi, pesa ikapokewa na mmoja. Hilo litatugusa siku wageni watakaporudi Epulu, kwenye Hifadhi ya Okapi, au kwenye vilele vya Virunga, na afadhali kanuni iwekwe mapema. Kilimanjaro wameshalipa ada ya somo hili. Bahasha ya matabishi ilikuwa ikikabidhiwa kiongozi mkuu, naye akigawa apendavyo, mbali na macho ya mgeni. Tangu mwaka 2003 mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, umekuwa ukikagua kampuni zilizokubali masharti yake: mzigo usizidi kilo 20, ujira ulipwe, matabishi yamfikie aliyekusudiwa. Kiwango cha kila mmoja hutajwa mbele ya kundi zima, na mpagazi anajua kabla ya kuteremka anachostahili kupokea.

Wapo wanaosema matabishi hutoka moyoni, ukiyatangazia kiwango yanageuka ushuru. Lakini mgeni haji na moyo tu, anakuja na desturi ya kwao. Mmarekani aliyezoea kumwachia mwalimu wa kuteleza kwenye theluji sehemu ya ada ya somo hatoi sawa na Mjapani, ambaye kwao kutoa huweza kumwaibisha anayepewa. Kumweleza desturi ya hapa si kumlazimisha. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwajiri ataegemea kiwango hicho apunguze mshahara. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu mshahara lazima utangulie: hapa Kongo, amri ya mwaka 2018 iliweka kima cha chini cha mshahara kuwa faranga 7,075 kwa siku, kikapandishwa mwaka 2025, na hakuna senti ya mgeni inayopaswa kuhesabiwa ndani yake. Kampuni isiyoweza kulipa hivyo bila bahasha ya mgeni haijapiga hesabu ya safari yake sawasawa.

Kwetu kuna jambo moja zaidi. Noti ya dola 1 hukataliwa sokoni, na hata kubwa ikichanika ukingoni kidogo tu hurudishwa. Mpagazi aliyepewa noti kumi za dola moja moja hajalipwa bado. Kwa hiyo ofisi ya safari ipokee dola hizo, izibadili yenyewe, kisha kila mtu ahesabiwe faranga zake mkononi, mgeni akiwa bado yupo.