Leseni ya mwindaji haivuki mpaka

Chukulia umevuka asubuhi kutoka Bugarama kwenda Kamanyola na mchele wako, umeuza vizuri, na sasa unatafuta kitu cha kurudi nacho. Pembeni mwa soko mtu anakuita. Ana nyama iliyokaushwa kwa moshi, nyeusi, imekatwa vipande ambavyo huwezi kujua ni vya mnyama gani, na bei yake inavutia. Unasita. Anatoa mfukoni karatasi yenye muhuri na kukuambia usiogope, nyama hii imewindwa kwa leseni.

Inawezekana kabisa kwamba hakudanganyi. Karatasi inaweza kuwa halali na muhuri ukawa wa kweli. Hata hivyo, ukifika nayo upande huu wa mto utanyang'anywa nyama, mtaji wako utakuwa umekwenda nayo, na huenda ukalala ndani.

Kwa wakazi wa Gikundamvura jambo hili si la mbali. Tarafa hii iko kusini mwa wilaya ya Rusizi, jirani na tambarare ya Bugarama. Burundi iko ng'ambo ya mto Ruhwa na Kongo ng'ambo ya mto Rusizi. Jina lenyewe kwa Kinyarwanda lina maana ya kinachopenda mvua, na anayejua Kiswahili analielewa nusu yake bila mkalimani. Watu wa hapa wanalima, na wengi wanachuuza. Tangu Burundi ilipofunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024, njia ya Kamanyola imebeba uzito zaidi katika hesabu za mchuuzi. Huko ndiko anakokutana na sheria ya uwindaji isiyofanana na ya nyumbani.

Tuanze na nyumbani. Nchini Rwanda hakuna msimu wa uwindaji unaofunguliwa kwa wananchi, wala hakuna dirisha katika ofisi ya tarafa ambako mtu hupanga foleni kuomba leseni ya kuua paa au nguruwe pori. Wanyamapori wako chini ya Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB. Orodha ya wanyama na mimea inayolindwa ilitolewa kwa amri ya waziri ya Agosti 2008, na sheria ya bioanuwai ya Oktoba 2021 ikaongeza nguvu. Kuwinda mnyama anayelindwa, kumuuza au kumsafirisha bila idhini ni kosa lenye kifungo na faini. Kwa hiyo mtu akikuonyesha nyama ya msituni na kusema ina leseni ya Rwanda, muulize nani aliitoa, kisha usingoje sana jibu.

Ukali huu una sababu, na sababu yenyewe iko karibu na hapa. Msitu wa Nyungwe uliwekwa chini ya ulinzi mwaka 1933, enzi za Wabelgiji, lakini ulinzi wa kwenye karatasi haukuzuia mitego wala bunduki. Nyati walitoweka humo miaka ya 1970. Tembo wa mwisho alikutwa amekufa mwaka 1999. Msitu ukawa hifadhi ya taifa katika miaka ya 2000, na mwaka 2023 UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia. Msitu mdogo wa Cyamudongo, hapa hapa Rusizi, ni sehemu ya hifadhi hiyo ingawa umezungukwa na mashamba pande zote, na ndani yake wamo sokwemtu. Mtego wa waya uliotegwa kwa ajili ya paa haujui kubagua. Sokwemtu akiingiza mkono, mkono unakatika.

Sasa turudi kwa yule muuzaji na karatasi yake. Sheria ya msingi ya uwindaji ya Kongo ni ya tarehe 28 Mei 1982, na inatambua leseni za aina nyingi: ya mchezo, ya watalii kubwa na ndogo, ya kijijini, ya pamoja, ya kukamata wanyama kwa biashara, ya kisayansi na ya kiutawala. Mchuuzi hana haja ya kuzikariri zote. Mbili ndizo anazoweza kukutana nazo sokoni. Leseni ya kijijini humruhusu mwananchi kuwinda katika eneo lake mwenyewe. Leseni ya pamoja hutolewa kwa ajili ya kijiji, ili watu wapate kitoweo. Zote mbili zina mipaka ya mahali na muda, na kuna majira ambayo uwindaji hufungwa. Bunduki nayo ina kibali chake tofauti. Kuwinda usiku kwa taa, kwa sumu au kwa kuchoma nyika kumekatazwa hata kwa mwenye leseni.

Halafu kuna wanyama ambao leseni ya kawaida haiwagusi. Kongo imewagawa wanyama wake katika majedwali. Waliolindwa kabisa ni kama sokwe, sokwemtu, tembo na okapi. Hao hawawindwi hata msimu ukiwa wazi na hata mwindaji awe amelipa kiasi gani. Nyama ikishakatwa na kukaushwa, utajuaje kama ni ya mnyama wa jedwali la kwanza au ni paa wa kawaida? Hutajua. Afisa naye hatajua kwa macho, ila mzigo wa kueleza utakuwa juu yako wewe uliyeubeba.

Tuseme basi kila kitu ni sawa: mnyama anaruhusiwa, msimu uko wazi, mwindaji ana leseni. Hapo ndipo wachuuzi wengi wanaponasa, maana leseni ni ruhusa ya kuwinda. Inamhusu mtu fulani, mahali fulani, kwa muda fulani. Haisemi lolote kuhusu nyama hiyo kuingia nchi nyingine. Ili ivuke inahitaji cheti cha daktari wa mifugo wa nchi inakotoka, na idhini ya kuingiza mazao ya wanyama Rwanda, kazi iliyo mikononi mwa RICA, taasisi inayosimamia ukaguzi na kuwalinda walaji. Kama mnyama ni wa spishi zilizo chini ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya pori duniani, kunahitajika pia kibali cha mkataba huo kutoka nchi inakotoka. Kwa spishi za kundi la juu kabisa, nchi inakokwenda nayo lazima itoe chake. Kilo nne za nyama kwenye beseni hazitazipata karatasi hizo. Tusidanganyane.

Kuna wanaofikiri utaratibu rahisi wa COMESA unawaokoa. Utaratibu huo ni mzuri na umewasaidia akina mama wengi wa mipakani: bidhaa ikiwa kwenye orodha ya pamoja na mzigo ni mdogo, unajaza fomu fupi na ushuru wa forodha unaondoka. Kinachoondoka ni ushuru. Ukaguzi wa afya unabaki pale pale, kwa nyama ya pori sawa na kwa kuku wa kufugwa.

Na ukaguzi huo si uonevu. Ebola iliyoanza Kivu Kaskazini mwaka 2018 ilifika Mwenga, Kivu Kusini, mwaka uliofuata. Rwanda yenyewe ilipatwa na Marburg Septemba 2024, ugonjwa ambao chimbuko lake ni popo. Moshi hukausha nyama, lakini aliyemchuna mnyama alishika damu mbichi, na mara nyingi kinachoitwa kimekauka bado ni kibichi ndani.

Kwa wanaofika mbali zaidi, hadi Kigoma au Dar es Salaam, mambo yanabadilika tena. Tanzania inaruhusu uwindaji kwa leseni chini ya sheria yake ya wanyamapori ya mwaka 2009. Leseni hutaja aina ya mnyama, idadi na eneo, na mtalii huwinda ndani ya kitalu cha kampuni akiwa na mwindaji bingwa. Tangu kanuni za mwaka 2020 kuna hata mabucha ya nyamapori yaliyosajiliwa, na unaweza kununua na kula bila hofu. Usiondoke tu na pembe au ngozi kama zawadi. Huko huitwa nyara za serikali, na mahakama zimewahukumu watu miaka 20 jela kwa kukutwa nazo. Uganda ina haki za matumizi ya wanyamapori zilizopangwa kwa madaraja chini ya mamlaka ya UWA, na kuwinda ni daraja moja, kufanya biashara ni jingine, kwa hiyo mwenye moja asijione ana zote. Kenya ndiyo rahisi kukumbuka: ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na biashara ya nyara mwaka 1978.

Jicho la mchuuzi lisiwe kwenye nyama peke yake. Kasuku wa kijivu na magamba ya kakakuona viko kwenye kundi la juu kabisa la CITES kwa uamuzi wa mkutano wa mwaka 2016. Korongo taji, ndege ambaye zamani alipamba nyua za matajiri wa Rwanda, ana hadithi yenye nafuu kidogo. Mwaka 2014 wenye nao walipewa nafasi ya kujitokeza bila kuadhibiwa, ndege wakasajiliwa na wenye afya wakapelekwa Akagera. Anayetaka kuuza mmoja leo hana nafasi hiyo.

Linabaki swali ambalo mkulima wa karibu na msitu huuliza kabla ya yote: kama siruhusiwi kuwinda, na nyani wamemaliza mahindi yangu, nile nini? Rwanda ina Mfuko Maalumu wa Dhamana, ule ule unaolipa waliogongwa na magari yasiyo na bima, na unalipa pia hasara iliyosababishwa na wanyamapori. Tena, asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi hurudishwa kwa jamii zinazozizunguka. Ilikuwa asilimia 5 mwaka 2005, ikapandishwa mwaka 2017. Anayedai fidia atoe taarifa kwa viongozi wa kijiji na bwana shamba mapema, shamba likiwa bado na alama za nyayo na magunzi yaliyotafunwa, maana tathmini hufanywa kwa kile kinachoonekana. Akishategesha waya kulipiza kisasi, atajikuta yeye ndiye mshtakiwa.