Kufuta Folda Zilizobebana

Hifadhi ya programu, iwe katika kompyuta au katika simu, hupangwa mithili ya kabati la ofisi: folda hubeba faili, na hubeba pia folda nyingine, ambazo nazo zaweza kuwa na nyingine ndani yake. Mpango huo huitwa mti, ingawa ni mti uliopinduliwa, mzizi ukiwa juu na majani, yaani faili, yakining'inia chini.

Msomaji aweza kudhani kwamba kuondoa folda ya juu kwatosha. Sivyo. Katika mifumo iliyotokana na Unix, ulioanza kuundwa Bell Labs, Marekani, mwaka 1969, amri ya kawaida ya kuondoa folda hukataa kufanya kazi endapo folda si tupu. Sababu ni njema. Folda ndiyo iwekayo majina ya faili. Ikitangulia kuondoka, faili zake zingebaki zikijaza nafasi bila njia ya kuzifikia.

Hivyo basi kazi huanzia chini. Tuseme folda ya Picha ina faili 3 na folda ya Safari yenye faili 2. Programu huingia Picha na kukiuliza kila ikikutacho: je, hiki ni faili au folda? Kikiwa faili, hukifuta. Kikiwa folda, huanza kazi ile ile upya humo ndani, na kuiondoa folda hiyo ikishakuwa tupu. Picha yenyewe huondoka mwisho, katika tendo la 7.

Hatari iko kwenye viungo, yaani majina yaelekezayo mahali pengine. Programu isiyovitambua hukifuata kiungo, ikatoka nje ya mti wake na kufuta mali isiyohusika. Yapasa kufuta kiungo chenyewe tu.

Amri hii haina huruma ikitolewa mahali pasipostahili. Mwaka 1998 studio ya Pixar, ikiwa katikati ya kutengeneza filamu ya Toy Story 2, iliona faili za filamu hiyo zikitoweka mbele ya macho ya wafanyakazi, sehemu baada ya sehemu. Nakala za akiba zikakutwa na kasoro. Nakala nzima ilikuwako nyumbani kwa Galyn Susman, msimamizi wa ufundi, aliyekuwa akifanyia kazi huko baada ya kujifungua. Kompyuta yake ilifungwa mablanketi na kurudishwa studioni kwa gari.