Kweli au uongo? Kuingia kazi ya kuhudumia jamii Kalembe

Oktoba 2024, waasi wa M23 na wapiganaji wa Wazalendo walipopigania Kalembe, mpakani mwa Masisi na Walikale huku Kivu Kaskazini, watu walihama tena. Uhamaji ukizidi, kazi za kuhudumia jamii nazo huzidi, pamoja na uvumi kuhusu namna ya kuzipata. Tuupime.

"Bila diploma huingii."
UONGO. Reko, yule anayepita nyumba kwa nyumba kuhamasisha chanjo na vyandarua, huchaguliwa na majirani zake. Awe mkaaji wa pale, mwaminifu, anayejua kusoma na kuandika. Diploma ya serikali utaihitaji ukitaka kupanda, kwa mfano kusomea uuguzi kwenye chuo cha ISTM, Goma.

"Mafunzo ya siku chache hayana maana."
UONGO. Chukua utepe wa kupimia mkono. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mkono wake haufiki milimita 115 huangukia rangi nyekundu: ana utapiamlo mkali, apelekwe kituo cha afya bila kungoja. Kipimo hicho hata mama mzazi hufundishwa.

"Reko hana mshahara."
KWELI. Ni mtu wa kujitolea. Hupata motisha kampeni inapokuja, nayo haiji kila mwezi, kwa hiyo shamba asiliache. Mshahara hutoka kwenye ajira ya shirika, na hapo napo mradi ukifungwa mkataba umekwisha.

"Msaidizi hodari humfanya mtu asimulie yote."
UONGO. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, uliotolewa mwaka 2011 na WHO na washirika wake, unafundisha mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Asiyetaka kusema asilazimishwe. Mtafutie chakula, ndugu zake na mahali pa kulala, kisha mwelekeze kwa mwenye ujuzi zaidi yako.

"Aliyebakwa aanzie kwa chifu."
UONGO, na ni uongo wa hatari. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Za kuzuia mimba hazivuki siku tano. Kesi inaweza kungoja, dawa haziwezi. Kama mwenyewe anakubali, mpeleke kwa muuguzi, na jina lake lisitoke kinywani mwako.

"Kazi ya shirika hununuliwa, kwa pesa au kwa mwili."
UONGO kwa kanuni, ingawa yametokea. Uchunguzi huru uliotangazwa Septemba 2021, kuhusu miaka ya Ebola ya 2018 hadi 2020 huku Mashariki mwa Kongo, ulikuta wanawake walioahidiwa kazi ili walale na waajiri. Tangu 2002 mashirika ya msaada yamepiga marufuku biashara hiyo, na mfanyakazi anayeishuku hana budi kuripoti. Siku utakayopata kazi, kanuni hiyo itakubana na wewe.