Tapi ya vipande nyumbani: kole na mbabula havikai pamoja



Kazini unajua kujilinda. Unavaa kofia na viatu vya kazi, na mkubwa wako anakuangalia. Lakini siku ya konji, unapotengeneza nyumba yako mwenyewe, ni nani anayekuangalia? Katika dispanseri tunapokea watu waliotoka shimoni salama, kiisha wakaumia ndani ya saloni yao. Leo tuzungumze juu ya tapi ya vipande, ile ya miraba ya santimetri 50 kwa 50. Watu wanaipenda kwa sababu kipande kikichafuka, unang'oa kile kimoja tu.

Hesabu yake ni nyepesi: meta moja ya mraba inataka vipande 4. Chumba cha meta 3 kwa 4 kinataka 48. Nunua 53, kwani kandokando utakata, na vingine vitaharibika.

Kabla ya kubandika, pima simenti. Tandika karatasi ya plastiki chini, ubandike kando zake zote, uiache mchana na usiku. Ukiifunua ukakuta matone ya maji au simenti imekuwa nyeusi, ngoja kiangazi. Tapi juu ya simenti yenye maji inaota ukungu, na mtoto mwenye pumu atakohoa usiku kucha. Mimi ningesema hata zaidi: kama nyumbani kuna mtu wa pumu, acha simenti wazi, ipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Bibi yako asinikasirikie.

Na kama nyumba ni ya zamani, ukakuta karo ndogo ngumu za plastiki zilizobandikwa kwa kole nyeusi, usizikwangue wala usizipige msasa. Karo nyingi za namna hiyo za miaka ya 1950 mpaka 1980 zilitiwa amianti. Vumbi yake inaingia katika mapafu na kukaa humo, na ugonjwa unaweza kuonekana kiisha miaka 20 au zaidi. Kama zimeshika vizuri, weka tapi juu yake.

Sasa tunafika kwenye jambo kubwa, ndiyo kole. Ile ya manjano yenye harufu kali, ambayo mafundi wa viatu wanatumia, inatoa mvuke unaowaka kama wa esanse. Mvuke huo hauonekani. Ni mzito kuliko hewa, haupandi juu kama moshi. Unatambaa chini, unapita chini ya mlango, unafika kule mama anakopikia bukari. Ukigusa makala ya mbabula, moto unarudi kwa njia ileile mpaka kwenye kopo lako, na wewe umepiga magoti katikati. Mtu mmoja aliyeungua miguu na mikono aliniambia: « Lakini nilifungua dirisha! » Ndiyo, alifungua. Dirisha liko juu, mvuke uko chini. Fungua milango, ya mbele na ya nyuma.

Ukiweza, nunua kole ya maji. Kwa tapi ya vipande inatosha. Kama huna ila ile kali, zima mbabula, mshumaa na sigara, na uchomoe friji kabla ya kufungua kopo. Watoto waende kwa jirani: mtoto anayetambaa, pua yake iko palepale mvuke ulipo. Kichwa kikiuma au ukisikia kizunguzungu, toka nje. Usiku ule msilale katika chumba hicho. Wala usilete mbabula ndani ili kole ikauke upesi! Hata pasipo kole, makala katika chumba kilichofungwa yanaua watu usingizini.

Kazi yenyewe si ngumu. Vuta kamba mbili zikatane katikati ya chumba, anzia hapo, na mishale iliyo nyuma ya vipande ielekee upande mmoja. Kata kwa upande wa nyuma, kwa wembe mpya na rula ya chuma. Mkono unaoshika usikae mbele ya kisu. Weka gunia lililokunjwa chini ya magoti.

Moto ukitokea, toa watu kwanza. Usimwagie kole maji, yanatawanya moto, tumia mchanga. Mahali palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi dakika 20, bila dawa ya meno, bila mafuta. Nguo iliyoshika ngozi usiivute.

Na mtoto akinywa kole, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta ya mawese. Mlete mbio dispanseri, na kopo ulilete pia, ili tusome maandishi yake.